Migomba ya Nyabusaga

Kitu cha kwanza Kemilembe alichokiona pale Nyabusaga kilikuwa mabuti yake mwenyewe.

Yalikuwa yamechomekwa kichwa chini kwenye vijiti viwili, yakianikwa juani: mabuti ya mpira ya kijani, moja lina kiraka kisiginoni. Ni yale yale aliyoyatafuta nyumbani hadi uvunguni, akakata tamaa, akamsingizia dereva wa ofisi. Dereva wa watu alinuna wiki nzima. Kumbe mabuti yako huku, ukingoni mwa ziwa, katika eneo lile lile ambalo yeye ametumwa kulikagua. Yalikuwa yamemtangulia kazini.

Nyuma ya mabuti kulikuwa na migomba.

Si migomba ya kujiotea. Ilikuwa michanga, imepangwa mistari, kila mmoja umekaa juu ya kituta chake, na chini yake yametandazwa matete yaliyokatwa. Kemilembe alichuchumaa akatazama. Matete yalilazwa vichwa upande mmoja, na kuzunguka kila shina kumeachwa nafasi wazi kama upana wa kiganja. Alipokuwa mtoto kule Kamachumu, Uhayani, alichapwa kwa kuifunika nafasi hiyo. "Umeuziba pua," mama yake alikuwa akisema. "Na mgomba nao unapumua." Tangu hapo hajamwona mtu mwingine yeyote anayeacha nafasi hiyo kwa unadhifu ule.

Akakaa chini palepale kwenye matope, suruali ya kazini na yote.

Kazi iliyomleta ilikuwa rahisi kuieleza. Umoja wa Kusitirana, chama cha Wahaya waishio Mwanza, ulikuwa umenunua eneo hili njia ya Igombe na ulitaka kuwajengea wanachama wake nyumba. Sheria inataka mradi kama huo ufanyiwe kwanza tathmini ya athari kwa mazingira, na inakataza ujenzi ndani ya mita sitini kutoka kwenye maji, na ardhi oevu nayo haiguswi hivi hivi. Kampuni ndogo anayoifanyia kazi Kemilembe ilipewa tathmini hiyo. Yeye ndiye mtaalamu wa maji na udongo. Alijua kwamba mama yake ni mwanachama wa Umoja, Mhaya gani Mwanza si mwanachama? Hakujua kwamba mama yake ameshahamia, kwa mizizi.

Alisimama, akachukua chuma cha kutobolea udongo, akakizungusha katikati ya mistari ya migomba. Kilishuka kama mwiko kwenye uji. Alipokitoa, udongo ulikuwa wa kijivu, unanuka yai viza, na kabla hajamaliza kuupanga kwenye turubai, tundu lilikuwa limeshajaa maji. Akatoboa pengine. Akatoboa tena pembeni, karibu na barabara, akiomba kimoyomoyo. Maji yalikuja vilevile, kwa utulivu, kama mwenye nyumba anayefungua mlango.

Aliondoka na mabuti yake mkononi.

Nyumbani kwao, nyumba ya kupanga kule Pasiansi, alimkuta mama yake uani anamenya ndizi. Kokuberwa alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mgongo ulionyooka, na tangu daktari amwambie kwamba moyo wake umetanuka alikuwa akifanya kila kitu taratibu, kwa hasira, kama mtu aliyelazimishwa adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umejaa matope?"

Kemilembe aliyaweka mabuti mbele yake. Kokuberwa aliyatazama mabuti, akamtazama binti, akachukua ndizi nyingine.

"Nilitaka kukwambia ikishashika mizizi."

"Nini?"

"Migomba. Tangu lini mabuti yakashika mizizi?"

"Mama, unaenda mpaka Nyabusaga na moyo huo? Unabeba matete?"

"Nabeba kidogo kidogo. Mwenyekiti ametugawia, kila mtu kipande chake. Wenzangu wamejichimbia vijiti tu, mimi nimepanda." Alisema hivyo kwa majivuno asiyoyaficha. "Mahali pasipo na mgomba huwezi kusema ni kwako, waitu, mwanangu. Ni kiwanja tu."

Kemilembe alivuta kigoda. Alijua neno "kwako" lina uzito gani kinywani mwa mama huyu. Baba yake alipofariki, ukoo ulikaa kikao hata mikeka ya msiba haijakunjwa. Mjane hakuwa na mtoto wa kiume, ana kabinti kamoja tu, hivyo kibanja, yaani nyumba, migomba, kahawa na kaburi la mumewe lililomo humo, kikarudi kwa ukoo. Hawakumpiga wala kumtukana. Walimwambia kwa heshima zote afungashe. Akapanda meli Bukoba akiwa na mtoto mkono mmoja, na mkono mwingine gunia la machipukizi ya migomba aliyoyachimba alfajiri bila kumuomba mtu ruhusa.

Machipukizi hayo na vizazi vyake vilizunguka naye Mwanza nzima. Aliyapanda Igogo katikati ya mawe, mwenye nyumba akayang'oa akisema yanaleta nyoka. Akayapanda uani kwa mwingine, yakang'olewa ajenge choo. Kila walipohama, kitu cha mwisho kupakiwa kilikuwa ndoo yenye chipukizi, na Kemilembe, akiwa msichana wa sekondari, alikuwa akiona aibu mpaka anatembea nyuma ya mkokoteni kwa mbali ili usidhaniwe ni wa kwao.

"Mama," alisema, "pale ni majini."

"Pale ni kwangu."

"Nimetoboa leo. Maji yapo hapa." Akaonyesha chini kidogo ya goti lake.

"Ziwa limejaa miaka hii, kila mtu anajua. Litarudi. Mwenyekiti amesema litarudi." Kokuberwa aliweka kisu chini. "Baba yako amelala kwenye migomba yake. Babu yako vivyo hivyo. Mimi nikifa leo utanipeleka wapi, Kemi? Kamachumu? Wataniweka wapi, barabarani? Utanipeleka makaburi ya jiji nikapangwe mstari na watu nisiowajua, hata jina langu wasiweze kulitamka? Mwenyekiti ametenga kona. Mwanachama akitaka kulala pale, atalala pale, pembeni ya migomba yake, na jirani atakayekuja kupalilia atanisalimia kwa Kihaya."

Alisema maneno hayo bila kulia. Aliyelia ni Kemilembe, na alijichukia kwa kulia, kwa sababu mtu anayelia ni kama ameshakubali nusu.

Asubuhi iliyofuata alimweleza bosi wake, Luhaga, kila kitu. Luhaga alikuwa Msukuma mrefu mpole, ambaye akikasirika anazidi kuwa mpole. Alimsikiliza akikuna shavu.

"Unataka kujitoa?"

"Natakiwa kujitoa."

"Ukijitoa nampa Pius. Unamjua Pius. Hajawahi kuona kiwanja kibaya tangu azaliwe." Akakuna shavu tena. "Mimi nasema tuandike ukurasa wa kwanza kwamba mama yako ni mwanachama, kila mtu asome. Halafu ufanye kazi. Lakini kama huwezi, niambie sasa. Usiniambie siku ya mkutano."

Kemilembe alisema anaweza. Alipotoka ofisini alijiuliza ni nani huyo aliyejibu.

Osward Kahigwa, mwenyekiti wa Umoja, alikuja nyumbani Pasiansi Jumapili baada ya misa. Ingekuwa rahisi kwa Kemilembe kama angekuwa mtu mbaya, lakini hakuwa. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, ana suti moja nyeusi iliyopauka mabegani kwa kubeba majeneza. Hakuna msiba wa Mhaya Mwanza ambao Kahigwa hakufika. Maiti ngapi amezisindikiza kwenda Bukoba, kwa meli na kwa barabara, akikaa nazo usiku kucha kama ni za nduguze! Wajane walimpenda, na hawakukosea kumpenda.

Alileta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akampa Kokuberwa kwa mikono miwili, akaketi. Wakatafuna wote watatu kimya kama inavyopasa. Ndipo akasema:

"Mwanangu, nimesikia una wasiwasi na eneo letu."

"Si wasiwasi, mzee. Ni maji."

"Maji yapo, sikatai. Mimi si mtoto. Lakini ninyi wataalamu mna neno lenu, nimelisoma: masharti. Andika kwamba tuendelee kwa masharti. Tutajaza kifusi. Tutainua msingi. Mnataka tupande miti? Tutapanda."

"Kifusi kikijaa pale, mzee, matete yote yatakufa. Na maji hayatatoweka. Yataenda upande wa chini kwa wenyeji, wana nyumba zao pale. Mvua ile kubwa iliyopita walinusurika kwa sababu ya hayo matete."

"Wenyeji wana kwao," alisema Kahigwa, sauti imeshuka. "Wana Magu, wana Kwimba, wana kila mahali. Sisi tunazika mtu na kuanza kuchangishana mafuta ya gari. Wengine, kama mama yako hapa, hata tukipata mafuta hatuna pa kuwapeleka. Unajua nimekaa na wajane wangapi wanaoniuliza swali moja hilo hilo?"

Kemilembe alitema ganda la kahawa kiganjani. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: mzee alikuwa anasema kweli.

Kahigwa aliinuka, akachukua kofia yake. Mlangoni aligeuka.

"Umoja huu ndio utakaokuja kumbeba mama yako siku ikifika. Sikutishi, waitu. Nakukumbusha tu watu wako ni akina nani."

Alipoondoka, Kokuberwa aliendelea kutafuna kahawa yake, ametulia, uso wake umelainika kuliko Kemilembe alivyouona kwa miaka mingi. Alikuwa mama anayemwona binti yake akielekezwa vizuri na mtu mzima.

Jioni hiyo Kemilembe alifungua kompyuta, akaandika: Mradi unaweza kuendelea kwa masharti yafuatayo. Akaiacha sentensi pale. Ilikuwa sentensi nzuri, imenyooka, haina kosa. Kila alipotaka kuifuta alisikia chumba cha pili mama yake anakohoa, na mkono unarudi. Akalala nayo hivyo hivyo, na siku zilizofuata akaishi nayo. Akaandika na hitimisho jingine chini yake, lile la kukataa, na ripoti ikawa na mikia miwili.

Mkutano wa wadau ulifanyika Nyabusaga, katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagonga mbao. Upande wa dirishani walikaa Wahaya wa Umoja, wamevaa vizuri, wengi wametoka mjini kwa basi la kukodi. Upande wa mlangoni walikaa wenyeji. Katikati kulibaki njia ambayo hakuna aliyeivuka. Kokuberwa alikuwa mstari wa mbele, dirishani, na kanga yake mpya. Yeye na binti yake walikuja kwa magari tofauti. Kemilembe aliketi mbele pamoja na Luhaga, ripoti yake ya mikia miwili ndani ya bahasha.

Wa kwanza kusimama alikuwa mwenyeji, mwanamke aitwaye Justa, aliyeongea huku amekunja mikono kama anaona baridi.

"Mimi sina maneno mengi. Mwaka ule wa mvua maji yalifika kitandani kwangu. Yalifika, yakasimama, hayakunibeba, kwa sababu ya yale matete. Nyumba za kule ambako matete yalishafyekwa mmeziona zilivyokwenda. Mimi nauliza tu. Mkijaza udongo pale, mimi nitajaza nini kwangu?"

Akakaa. Upande wa mlangoni walipiga makofi. Upande wa dirishani walitazama nje.

Kahigwa alisimama bila haraka. Alianza kwa kumpa Justa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Kisha akasema Umoja haukuja kumdhulumu mtu, na kwamba sehemu ile wanayoiita ardhi oevu kwa kweli ni shamba. "Ndizi haioti ziwani," alisema, na darasa likacheka kidogo. "Msinisikilize mimi mwanasiasa wa misiba. Yupo aliyepanda kwa mikono yake. Mama Kemilembe, simama uwaambie."

Kemilembe aliinua uso kutoka kwenye bahasha. Hakuambiwa hili. Luhaga alimtazama kwa pembe ya jicho, mpole sana.

Kokuberwa alisimama. Alilishika dawati, akavuta pumzi, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya mgonjwa.

"Nimelima tangu sijaota meno ya ukubwani. Ardhi naijua. Ile ya pale ni ardhi nzuri, nyeusi, inashika mbolea. Nimepanda migomba kutoka kibanja cha marehemu mume wangu, na imeshika, nendeni mkaione. Mgomba ukishika, pale ni nyumbani kwa mtu. Mimi sina pengine. Naomba mtuachie."

Upande wa dirishani walilipuka kwa makofi na vigelegele. Hata upande wa mlangoni baadhi ya wanawake walitikisa vichwa kwa huruma, na Justa mwenyewe aliinama akatazama vidole vyake. Kokuberwa aliendelea kusimama, anatazama mbele, anamtazama binti yake. Hakumtazama kwa vitisho. Alimtazama kama siku ile aliyompeleka shule ya bweni na kumwambia: nenda, nakuamini.

"Mtaalamu wetu ana la kusema?" Luhaga aliuliza.

Angeweza kusema hapana. Angeweza kutoa bahasha na kusoma mkia wa kwanza, na mama yake angeketi chini akiwa mwanamke mwenye kwake. Wahaya wote wa Mwanza wangemwita binti mwema. Justa angerudi kwake na kuinua kitanda juu ya matofali. Kemilembe aliwaza haya yote kwa uwazi kabisa, na alitamani hasa, wala haifai kumsafisha hapa kwa kusema hakutamani. Kwa upande mwingine angeweza kueleza rangi ya udongo na kina cha maji, na Kahigwa, aliyefundisha miaka yote ile, angemgeuza kichekesho. Na kusema kwamba mama amesema uongo, mdomo wake haukuwa na uwezo huo.

Akasimama.

"Mama," alisema, na darasa zima likageuka. "Siku zote ulipokuwa unapalilia pale, ulivaa nini miguuni?"

Kokuberwa aliitazama miguu yake. Alielewa. Kemilembe aliona jinsi alivyoelewa, jinsi uso ulivyosimama. Angeweza kusema kandambili, nani angembishia? Lakini huyu alikuwa mwanamke aliyemchapa binti yake kwa makosa machache sana, na la kwanza kati ya hayo lilikuwa uongo.

"Mabuti," alisema.

"Kwa nini mabuti, mama?"

Mtu mmoja nyuma aliguna, wengine wakamnyamazisha.

"Kwa sababu ya maji," alisema Kokuberwa.

Kisha akaketi, taratibu, kwenye dawati la mtoto, akaivuta kanga mabegani ingawa kulikuwa na joto. Kijana mmoja upande wa mlangoni akacheka. Kemilembe alitamani kumrukia na kumng'ata. Badala yake alitoa karatasi, akasoma mkia wa pili kwa sauti iliyokuwa inamtoroka: kwamba eneo ni ardhi oevu na liko ndani ya hifadhi ya ukingo wa ziwa; kwamba kulijaza kutahatarisha nyumba za jirani; kwamba halifai kwa makazi, na hakuna masharti yatakayolifanya lifae. Aliposema "makazi" alijua mama yake amesikia neno jingine: kaburi.

Mkutano ulipovunjika, Kahigwa alipita mbele yake, kofia mkononi. Hakugomba. Hakumsalimia pia, wala mkewe hakumsalimia, wala wale wanawake wa Umoja waliokuwa wakimpakulia ndizi kila Pasaka. Walipita mmoja mmoja wakipanda basi lao, na Kokuberwa naye akapanda humo. Kiti cha pembeni yake kilibaki wazi, na basi likaondoka hivyo.

Nyumbani Kokuberwa alipika, akapakua, akala chumbani peke yake. Asubuhi Kemilembe aliamka akakuta kitanda cha mama yake kimetandikwa, na mabuti hayapo mlangoni.

Alimkuta Nyabusaga. Jua lilikuwa bado halijawa kali, na ziwa limelala kimya nyuma ya matete. Mama yake alikuwa ameinama kati ya mistari yake na jembe dogo, anang'oa migomba. Tayari vituta vya kwanza hadi katikati ya shamba vilikuwa vimefumuliwa, na kila alipong'oa shimo lilijaa maji nyuma yake.

"Mama, acha. Acha nikusaidie. Moyo wako—"

"Moyo wangu uache."

Kemilembe akasimama pembeni, viatu vyake vya ofisini vinazama. Kokuberwa aling'oa mgomba mwingine, akaugeuza, akalibonyeza shina lake chini kwa dole gumba. Dole likaingia. "Limeoza," alisema, akautupa. Wa pili: "Limeoza." Juu, majani yalikuwa mabichi bado, yamenyooka, yanapendeza. Alikwenda hivyo mstari mzima, na kwa kila mmoja alitamka neno lile lile kwa sauti ya kawaida, kama anayehesabia mtu mwingine. Kemilembe aliendelea kusimama. Hajawahi kutamani kukosea kazini kama alivyotamani asubuhi ile.

Karibu na mwisho wa mstari Kokuberwa alibonyeza, dole halikuingia. Akabonyeza tena. Akakata mzizi mdogo, akaunusa, akausafisha tope kwa kanga yake, ile mpya.

"Shika," alisema.

Kemilembe alipokea chipukizi kwa mikono miwili. Maji yalimtiririkia hadi viwikoni.

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Uliniuliza, nikakujibu." Kokuberwa aliketi juu ya kituta kilichobaki, anahema. "Yule mwanamke wa kitanda anaitwa nani?"

"Justa."

"Nilimwona akitazama vidole." Akashika magoti mpaka pumzi ikarudi. "Kahigwa na wenzake hawatakuja kunibeba. Unajua hilo."

"Najua."

"Basi."

Akavua buti moja, akamwaga maji. Akavua la pili, akamwaga. Akayaweka pamoja, akamsogezea binti yake.

"Chukua, ni ya kazini kwako."

Akabaki peku, nyayo zimezama kwenye tope la kijivu, akimtazama Kemilembe aliyesimama mbele yake na mgomba mmoja mikononi kama mtoto aliyetumwa na kusahau alikotumwa.

"Kweli umeshasema," alisema mama yake. "Sasa nitafutie pa kulala."